Mkongojo wa Tabaruku

Wametusimulia waliotutangulia kwamba katika mji mmoja wa Iraki, zama za makhalifa, alikuwako mkunga mchamungu, jina lake Umaima binti Harithi, Mwenyezi Mungu amrehemu. Mguu wake mmoja ulikatwa kwa donda tangu ujana wake, na mtaa mzima ulimjua kwa mlio wa mkongojo. Ukiusikia unaelekea kwa jirani, ujue kuna mtoto anakuja. Wala usidhani kwamba kwa kuwa alikuwa mchamungu basi alikuwa baridi kama maji ya mtungi. Alikuwa na swala zake, alikuwa na saumu zake, na alikuwa na ulimi wake.

Katika mji huo palikuwa na Nyumba ya Rehema, wakfu uliowekwa kwa ajili ya viwete na wagonjwa wasioinuka. Msimamizi wake akiitwa Sheikh Ghassani. Mikongojo ya mji wote ilitoka hapo, maana maseremala wa sokoni walikwisha kuacha kuichonga. Nani atashindana na sadaka? Lakini sadaka hiyo ilikuwa haikufikii mpaka na wewe utoe kitu. Tena neno "bei" lilikuwa halitamkwi pale hata kwa kuteleza ulimi. Wao waliita tabaruku. Na tabaruku haiulizwi, haipunguzwi, wala hairudishwi, kwa sababu ni nani mwenye adabu atakayepatana na baraka?

Bi Umaima alivua bangili ya fedha aliyoachiwa na mama yake, akaitoa tabaruku, akapewa mkongojo uliopakwa rangi ukang'aa. Haukumaliza mwezi. Mchana mmoja anakimbilia kwa mke wa mfua shaba aliyeshikwa na uchungu, ukakatika njiani. Akatazama palipokatika: mti umetobolewa na wadudu kama chujio, na matundu yamezibwa kwa nta. Hakuwa na wakati wa kulia. Akaenda kwa goti moja na viganja viwili mpaka mlangoni kwa mfua shaba, akanawa, akampokea mtoto salama, alhamdulillahi. Alipokwisha kumfunga mtoto kitambaa, ndipo akakasirika.

Kesho yake mfua shaba akampandisha punda, akamfikisha Nyumba ya Rehema, kisha akarudi na punda wake kazini.

"Sheikh, mkongojo wako huu."

"Pole, Bi Umaima. Naona uliukanyagia vibaya."

"Mkongojo haukanyagwi, Sheikh, unaegemewa. Nipe mzima, au nirudishie bangili yangu."

"Astaghfirullah! Hapa hapauzwi kitu hata kirudishwe. Ulitoa tabaruku kwa ajili ya Mungu. Sasa unamdai Mungu?"

"Mungu hakunipa mti mbovu. Ulinipa wewe."

Sheikh akaguna. Hakuwa mwizi, tuseme kweli. Hapana hata tonge lililoingia tumboni mwake. Akamwonyesha uani, walipolazwa wagonjwa safu kwa safu. "Hawa wanakula nini, mama? Watu wa mji huu wanakumbuka kutoa Ramadhani, kisha wanalala mpaka Ramadhani nyingine. Faida ya mikongojo ndiyo uji wao."

"Kumbe! Viwete ndio wanaowalisha wagonjwa, na wenye miguu yao miwili wamekaa wanaombewa dua!"

"Bi Umaima, ulimi huo!"

"Huu ndio niliobakiwa nao mzima. Twende kwa kadhi."

Sheikh akabadilika rangi. Akaingia ndani, akarudi na mkongojo wa mti mgumu, mnyoofu, umefungwa ngozi laini juu. "Chukua huu. Bure, hata tabaruku sitaki. Ila useme kwamba ulianguka mwenyewe. Ukinishtaki, jina la nyumba litachafuka na hawa watalala na njaa. Na wewe, mama, mkongojo mwingine utaupata wapi mji huu?"

Hapo ndipo palipokuwa na mtihani. Bi Umaima aliujaribu kwapani, ukamwenea kana kwamba umechongwa kwa kipimo chake. Mtaani kwake walikuwako wanawake wawili ambao siku zao zimetimia. Bila mkongojo, ukunga basi. Nafsi ikamwambia: ni neno moja tu, Umaima, tena la kuwaponya wenye njaa. Kisha akauegemeza ukutani.

"Mimi ndiye ninayewashika watoto wanapoadhiniwa sikioni. Unataka niwaendee kwa mkongojo wa uongo? Nitatambaa."

Akatambaa. Akapita katikati ya soko, watu wakimpisha, na Sheikh nyuma yake hajui pa kuuficha uso, mpaka barazani kwa Kadhi Mundhiri. Kadhi akawasikiliza wote wawili, kisha akamgeukia Sheikh.

"Ulimwuzia?"

"Hasha, ewe kadhi. Nyumba yetu haiuzi."

"Basi bangili aliitoa kwa hiari yake."

"Naam."

"Asingeitoa, ungempa mkongojo?"

Sheikh akainama. Angeweza kusema uongo, na kwa heshima yake ungeaminiwa. Lakini alimwona yule mama na vumbi lake, akasema, "La."

"Si ungesema hivyo tangu asubuhi!" Bi Umaima akashusha pumzi. "Ewe kadhi, mimi sikatai kununua. Nikienda kununua chungu, nakigonga, nakigeuza, napunguziwa. Kikivuja nakirudisha, namtukana mfinyanzi kidogo, naye ananitukana. Pale mimi ni mtu! Kwa Sheikh natoa kama mnunuzi, kisha nashukuru kama ombaomba. Achague moja!"

Kadhi akahukumu bangili irudishwe, na Bi Umaima apate mkongojo mzima. Akasema, "Ewe Ghassani, faida ya mfanyabiashara ni halali. Lakini wewe si mfanyabiashara. Wewe ni amini wa wakfu, mtu aliyekabidhiwa amana, na wakfu wenyewe uliwekwa kwa ajili ya huyu. Mpe bure. Ukishindwa, mwuzie kwa gharama ile ile uliyoingia, mchana kweupe, na kasoro yake umwonyeshe. Faida katafute kwa wasiohitaji mkongojo."

Walipotoka nje Sheikh akauliza kwa unyonge, "Na uji wa wale, mama?"

"Ijumaa simama msikitini, uwaambie wenye miguu kwamba sufuria ni tupu."

"Nimewaomba mara ngapi! Watanichoka."

"Wachoke, mwanangu. Sisi tulichoka zamani."

Inasemekana Sheikh alisimama Ijumaa ile, na Ijumaa zilizofuata, na watu walinung'unika sana, na walitoa.

Basi zingatieni, nyinyi mliokabidhiwa mambo ya wanyonge. Anayetaka kumpa mja wa Mungu, na ampe. Anayetaka kumwuzia, na amwuzie, amwache akague. Lakini asimwuzie, kisha akasimama mlangoni kungojea ashukuriwe.