Mpishi na Wageni wa Tumboni

Wapendwa, kabla sijaanza, kila mtu ainue mkono. Kuapa tumekatazwa, kwa hiyo inueni mkono tu: haya yaishie humu humu kanisani, hata aliyebaki nyumbani asiyasikie. Mmeinua? Wazee wa kanisa pia? Haya, shusheni. Wanakwaya nimeshawasimulia, nanyi sogeeni.

Kulikuwa na mama mmoja, mpishi wa shughuli. Harusi ikitajwa, pilau ni lake. Msiba ukiingia, makande ni yake. Sifa yake kubwa ilikuwa usafi. Sufuria alizisugua kwa majivu mpaka ungeweza kujitazama humo ukafunga kilemba. Ila mwili ulikuwa umejaa, umejaa mpaka magoti yakanung'unika, sukari ikapanda, na kidonda cha kisigino kikakataa kufunga. Mpishi asiyeweza kusimama ni mpishi gani? Hilo ndilo lililomnyima raha, maana kazi nyingine hakuijua.

Daktari mmoja kijana akamwingiza kwenye utafiti, yeye na akina mama wengine kumi. Akawaambia, "Mama zangu, tumboni mwetu vinaishi vijidudu vingi visivyoonekana kwa macho. Vipo vizuri, vinavyosaidia mwili kushughulika na chakula, na kwenu tunaona hivyo vimepungua. Nitawapa unga wenye vijidudu hai. Mkoroge kwenye mtindi kila asubuhi, kisha mvilishe: dona, kunde, mchicha. Bado tunajaribu, ila nina matumaini makubwa."

"Wadudu?" Mpishi akashika shavu. "Daktari mwanangu, sufuria yangu haina doa, leo nifuge wadudu tumboni?"

"Ni wageni wema, mama. Wakaribishe."

"Haya." Kichwa kikaitikia, moyo ukakunja uso.

Siri yenyewe ni hii. Kila asubuhi alikoroga, akanywa mbele ya mkwewe, akalamba na kijiko. Kisha akaingia chumbani, akafungua kopo la poda na kutoa kidonge cha rangi mbili, ile dawa ya kuua vijidudu ambayo sisi tunaimeza kwa kila kitu, kuanzia mafua mpaka ndoa ngumu. Akakisukuma kwa maji ya moto. Akilini mwake alikuwa anasugua sufuria. "Wapite tu," akanong'ona, "wasipange kwangu."

Jamani, mgeni unampokea mlangoni kwa vigelegele, uani umemtegea sumu, halafu unalalamika mbona hakusaidii kulima?

Miezi mitatu ikapita. Wenzake wengi wakaanza kupata nafuu. Mmoja wao, muuza mboga, kanga yake sasa ilimzunguka mara mbili, akamtania, "Shoga, mbona mishono ya gauni lako bado inapiga yowe?"

"Hiyo dawa ni danganya toto!" akajibu, na akayatangaza hayo bombani, mashineni na kwenye kila jiko la harusi. Lakini kisigino kilizidi kulowa, na kwa mara ya kwanza watu walimwona akipika pilau la watu amekaa kwenye kigoda.

Ikafika siku ya kupewa majibu ya vipimo. Wakajipanga kwenye benchi, na jirani yake akaanza kukohoa. Sasa mpishi wetu ana huruma, tumpe haki yake. Akaingiza mkono kifuani, akatoa kidonge. "Meza hiki, shoga. Mimi ndicho ninachowamalizia wadudu wote wa daktari, hajabaki hata mmoja!"

Alidhani amenong'ona. Mnong'ono wa mtu aliyezoea kuamrisha wapishi ishirini mnaujua. Benchi zima likageuka. Daktari naye alikuwa amesimama mlangoni, majibu ya mpishi mkononi.

Hapo msimcheke peke yake. Sisi je? Jumapili tunapokea neno lililo hai, tunalamba kijiko mbele ya mchungaji, na kabla hatujafika barabarani tumeshameza kidonge cha masengenyo. Nani hapa alimwambia jirani yake "nimekusamehe", akafika nyumbani akafungua kopo? Msinitazame mimi, nami nimo. Tunamwomba Mungu atie kitu kipya ndani yetu. Kikianza kutikisika tunaogopa, tunakiua, kisha tunatangaza kuwa maombi hayafanyi kazi. Yanafanya! Kilicho hai kinajua kazi yake. Kilisheni, mkipe siku zake, mwache kukiwinda kwa siri, nanyi mtaona.

Tuwarudie wa benchini. Daktari hakupaza sauti. "Mama yangu, hiki ni cha ngapi?"

Mpishi akatazama kisigino chake. Akawatazama wale kumi. Mkono ulikuwa bado umenyooka, kidonge katikati ya kiganja, nusu chekundu nusu cheusi, na hata yule jirani alikuwa ameacha kukohoa.