Samaki Chini ya Kitambaa

Hapo zamani, wala msinikodolee macho, maana zamani nayo ilikuwa na kompyuta zake, palikuwa na ofisi ya ushirika wa korosho iliyopakana na zahanati ya kijiji. Ukuta mmoja, na betri za sola zilezile. Ofisi ilikunywa humo, zahanati ilikunywa humo. Masika yakianza, jua likijificha, betri zilikata roho kabla ya magharibi.

Kijijini hapo aliishi Mwanahawa, mke wa fundi baiskeli. Mtoto wake wa kwanza alizaliwa masika, jioni, na taa ikazimika mkunga akiwa bado anahangaika naye. Tochi ilipopatikana, mtoto alikuwa ameshakwenda. Mwanahawa hakumlaumu mtu. Alisema ni kazi ya Mungu, lakini tangu hapo kila mawingu yakijikusanya alianza kutafuta tochi. Akashika mimba tena, na hesabu ya miezi ikaangukia masika yaleyale. Jamani, mwanamke yule alikuwa hapati usingizi.

Sasa njooni ofisini. Katibu wa ushirika, Mzee Liundi, alikuwa na sheria yake: kompyuta haizimwi. Aliwahi kuona moja imezimwa Ijumaa, Jumatatu ikagoma kuwaka, akaapa haitatokea tena. Basi jioni makarani walizifunika kwa vitambaa vya kufuma, vya maua, wakasema zimelala. Zimelala wapi! Chini ya vitambaa vioo vilikuwa vinawaka, na samaki wa picha, wa rangi rangi, wanaogelea mpaka asubuhi bila mtazamaji.

Aliyegundua ni Bi Sikudhani, karani, mwanamke ambaye hakujaliwa mtoto. Alikuja Jumapili kuchukua vitambaa akavifue. Akagusa mashine, akashtuka: ina joto kama mtoto mwenye homa. Akagusa ya pili, joto. Akagusa ya tatu, joto. Angeweza kufunika akaenda zake, maana Mzee Liundi alikuwa mkali na kazi zenyewe ni za shida. Hakufunika. Jumatatu alimwendea akamweleza, akafokewa mbele ya wenzake. Kesho yake akarudia yaleyale, akafokewa tena.

Aliyetibu ni Chipoka, fundi aliyeletwa kutoka mjini kutengeneza printa. Bi Sikudhani alimvuta pembeni akamwonyesha. Chipoka akacheka. Akasema si lazima mashine izimwe, inafundishwa kulala yenyewe: isipoguswa kitambo kidogo kioo kinakuwa cheusi, isipoguswa zaidi inasinzia yote, na ukiigusa inaamka, kazi yako iko palepale. Akaketi mbele ya kila mashine, akawafukuza samaki, akaipangia kulala. Hakuna aliyemtuma wala aliyempa chochote, na basi la kurudi mjini likamwacha.

Aliyevumilia ni Mzee Liundi mwenyewe. Alipoona vioo vyeusi alikuja juu kama moto wa kifuu. Chipoka akamwambia kwamba mashine zake ndizo zilizokuwa zinamaliza betri. Mzee akautazama ule ukuta wa zahanati, akaamuru mashine ziachwe hivyohivyo.

Tangu siku hiyo alipata tabu. Wakulima wamejipanga kuchukua salfa, dawa ya mikorosho, yeye akigeuka kusalimiana tu, mashine imesinzia, na watu wanamcheka kwamba imemwiga bwana wake. Makarani wakamsihi arudishe mambo yalivyokuwa. Akakataa. Wakamshitaki kwa wakubwa kwamba anachelewesha kazi. Akaitwa mjini, akasemwa kama mtoto, akarudi, akakataa.

Masika yakashika. Siku Mwanahawa alipoumwa uchungu, jua halikuonekana tangu asubuhi. Magharibi alikuwa kitandani zahanati, macho kwenye taa, akisema itazimika, itazimika.

"Sukuma, mwanangu," mkunga akamwambia. "Taa niachie mimi."

Mtoto alitoka kimya, kitovu kimemzunguka shingoni. Mkunga akakiona, kwa kuwa taa ilikuwa inawaka, akakizungusha akakitoa. Mtoto akalia. Mwanahawa naye akalia, kilio cha watoto wawili.

Huko kwao, nywele alizotoka nazo mtoto tumboni hunyolewa siku ya saba, akiwa mapajani mwa mtu mmoja aliyechaguliwa na mama. Mtu huyo humwita mwanangu maisha yake yote, na siku akifa ni mtoto huyo anayemzika. Ni mmoja tu. Wawili ni kumgawa mtoto.

Mwanahawa alikuwa ameuliza nani aliyeiokoa taa, akatajiwa watatu. Siku ya saba, watatu hao walikuwa mkekani uani kwake.

Bi Sikudhani akasema, "Mkono wangu ndio ulioijua homa ile, na nilifokewa kwa ajili yake. Tena sina wa kuniita mama."

Chipoka akasema, "Homa mliijua, dawa hamkuwa nayo. Bila mimi mngekuwa mnapapasa mashine mpaka leo."

Mzee Liundi akavua kofia. "Wao walifanya kazi ya siku moja. Mimi niliilinda kila siku, na ningeweza kuifuta kwa neno moja. Lakini sitamficha mama huyu. Giza lililomchukua mtoto wake wa kwanza lilitoka ofisini kwangu, kwa amri yangu. Ndiyo maana nilivumilia, na ndiyo maana naomba. Nipe huyu nimlee, nisife na deni la yule."

Mwanahawa alikuwa hajui hilo la amri. Alimtazama mzee yule, machozi yanamtoka, mtoto kifuani, kichwa kidogo kimeshalowanishwa maji na wembe uko tayari. Kisha akausogelea mkeka.

Hapo namwacha, nawageukia nyinyi mnaotafuna korosho zangu. Mapaja ni ya watu watatu, kichwa ni kimoja, na mama ameshainama. Je, nani alistahili kumpakata mtoto yule?