Mpupia Visiwa

Mpupia visiwa huambulia maji. Nilisema hivyo, Kalunde, wewe na wenzako mlipokuwa mkipanga likizo yenu ya kuzunguka visiwa vya Ukerewe, mkaniuliza, "Bibi, hiyo nayo umeitoa wapi?" Sikuibuni mimi. Methali hii ilianza hivi, na aliyeitamka kwa mara ya kwanza ni damu yenu.

Baba yangu alikuwa na dada aliyeitwa Nyamizi. Alifundisha shule ya msingi hapa Tabora mpaka akastaafu. Kila mwaka, alipofika kwenye somo la wanyama wa baharini, alichora kasa ubaoni na kuwaeleza watoto jinsi mama kasa anavyopanda ufukweni kutaga mayai mchangani na kurudi zake, na jinsi wanawe wanavyojifukua wenyewe, bila mama, na kuyakimbilia maji. Alieleza kwa utamu hata watoto wakadhani mwalimu wao amekulia pwani. Kumbe bahari hakuwahi kuiona hata kwa mbali.

Mumewe, Shabani Luhende, alikuwa mkuu wa stesheni. Mtu mpole, mwenye mapenzi na mkewe, lakini saa ilikwisha kumwingia mwilini. Nyumbani kwake hata chai ilikuwa na wakati wake wa kuwasili na wakati wake wa kuondoka. Watu walimwita Baba Wande, kwa jina la binti yao wa kwanza.

Hawajakaa sana baada ya kustaafu, shangazi Nyamizi akaanza kujigonga kwenye miimo ya milango. Daktari akamwambia ni presha ya macho. Dawa zingepunguza mwendo wa ugonjwa, lakini zisingerudisha kilichokwisha potea. Alikuwa bado anaona vizuri mbele yake, ila ni kama anachungulia kwenye tundu; pembeni kote palikuwa giza, na tundu lenyewe lilikuwa likizidi kuwa dogo. Alipotoka hospitali alisema neno moja tu: "Baba Wande, nataka nimwone kasa kabla taa yangu haijazimika."

Tangu siku ile Luhende akawa mtu wa kuulizia. Aliwauliza madereva, askari waliowahi kufanya kazi pwani, mfanyabiashara mmoja wa dagaa. Akaambiwa aende visiwa vya Mafia mwezi wa saba, ambako wanakijiji hulinda viota vya kasa na mgeni huruhusiwa kutazama vifaranga wakitoka. Pensheni yao ilikuwa nyembamba, kwa hiyo akapanga safari ya watu wa kawaida: behewa la daraja la tatu mpaka Dar es Salaam, boti za wanakijiji badala ya za kukodi, kulala kwenye nyumba za wenyeji. Chakula walibeba wenyewe, michembe ya viazi vitamu vilivyokaushwa, karanga na chupa ya asali.

Mpaka hapo alikuwa amepanga vizuri. Kosa lilikuja alipofikiri: kwa kuwa tunakwenda mbali hivi, na macho yenyewe ndiyo hayo, kwa nini nimwonyeshe kisiwa kimoja? Nitamwonyesha vyote. Akavipanga visiwa kama stesheni za reli ya kati, treni inafika, abiria wanashuka, kipenga kinalia.

Wakafika Mafia salama. Asubuhi yake wakavuka kwenda Chole, ambako popo wakubwa hulala wananing'inia mitini mchana kutwa. Mwenyeji wao akanyoosha kidole. Nyamizi akainua uso, akaanza kuwatafuta tawi kwa tawi, kwa lile tundu lake dogo. Popo ukimtafuta kwa jicho la namna hiyo unahitaji subira. Alikuwa ndiyo kwanza amelipata tawi lenyewe, Luhende akamshika mkono. "Mwalimu, boti inatungoja."

Wakaenda Jibondo. Maji yalikuwa yamekupwa, wakatembea mwendo mrefu kwenye tope hadi nchi kavu, na walipofika mafundi waliokuwa wakiunda chombo walikuwa wamekwenda kula. Hawakuwangoja. Upepo wa kusi ulikuwa umechachamaa, na njiani wimbi lilimlowesha Nyamizi toka kilemba hadi viatu. Hakulalamika. Alikaa ameukumbatia mfuko wake, akitazama mbele.

Kisiwa kilichofuata kilikuwa Juani. Huko walipokelewa na Bi Saumu Mbaraka, kiongozi wa kinamama wanaopanda mikoko, na mlinzi wa viota aliyeitwa Kombo. Kombo aliwapeleka ufukweni, akawaonyesha kiota kilichozungushiwa vijiti.

"Hawa wako tayari," alisema. "Leo, kesho, au keshokutwa."

"Saa ngapi?" Luhende akauliza.

Kombo akamtazama kidogo. "Mzee wangu, kasa hana saa. Akiiva, anatoka."

Luhende akapiga hesabu yake kichwani, akatikisa kichwa. Boti ya kwenda kisiwa cha Bwejuu ilikuwa tayari imewashwa, nahodha anaita. "Tutapita tena tukirudi, kama nafasi itakuwepo. Twende, Mwalimu."

Nyamizi hakwenda. Alikunja kanga yake, akaiweka juu ya mchanga, akakaa.

"Mama Wande, boti inaondoka."

"Na iondoke salama."

"Unaumwa?"

"Siumwi. Nimechoka kuvutwa mkono."

Luhende akachuchumaa mbele yake. Nahodha naye, mtu wa makamo aliyezoea haraka za wageni, alikuwa ameshuka kuja kubeba mizigo. Akasimama pale pale, akijua hapa si pa kuingilia.

"Nyamizi," mumewe akasema, na ilikuwa nadra kumwita kwa jina lake, "nataka uone kila kitu. Daktari alivyosema umesikia. Nikikuonyesha kidogo, halafu..."

"Halafu nipofuke. Sema tu, halitaniuma zaidi ya linavyoniuma tayari." Akampapasa bega mpaka akaupata mkono wake. "Sasa niulize nimeona nini tangu tuje."

"Umeona nini?"

"Chole, maji. Jibondo, maji. Njiani, maji mpaka masikioni. Macho yangu hayawezi kukimbizana na boti yako, Baba Wande. Mpupia visiwa huambulia maji."

Nahodha akacheka, akajishika kiuno, akacheka tena. "Bibi wa bara umetuweza! Mimi nawabeba watu wa namna hiyo kila siku, sikuwa na neno la kuwaambia." Akageuka kwenda kwenye boti yake, na abiria wakamsikia akilirudia.

Luhende hakucheka. Alibaki amechuchumaa, akaitazama boti ikigeuza na kuondoka bila wao. Nadhani hiyo ilikuwa mara ya kwanza maishani mwake kuachwa na chombo kwa hiari yake. Kisha akaketi mchangani karibu na mkewe.

Wakakaa Juani, nyumbani kwa Bi Saumu. Asubuhi Nyamizi alifuatana na kinamama kwenye tope la ufukwe kupanda mikoko. Kazi ile haikudai macho. Unatoboa tope kwa kidole, unasimamisha mche, unakandamiza, unapiga hatua. Kinamama walimfundisha nyimbo zao, naye akawafundisha moja ya Kinyamwezi, wakaiharibu vizuri. Luhende alizunguka na Kombo kuokota nyavu mbovu na chupa za plastiki zilizoletwa na bahari. Alasiri wote walikaa karibu na kiota.

Lakini kiota kilinyamaza. Kesho ikapita, keshokutwa ikapita. Siku ya kuondoka ikafika, na treni ya kurudi Tabora ilikuwa na siku yake. Kombo mwenyewe alianza kukwepa macho yao, kwani kuna viota ambavyo maji ya chini huviozesha na hakitoki kitu. Safari hii aliyekuwa mtulivu ni Luhende. "Tiketi tutabadilisha," alisema. "Tukikosa nafasi, tutakula michembe mpaka tuipate." Bi Saumu akamwambia mkewe, "Mwenzangu, huyu mwanamume umembadilishia wapi?"

Alasiri ile mawingu yalitanda na jua likapoa. Kombo akainama, akaita kwa sauti ya chini: mchanga ulikuwa umebonyea katikati. Akaagiza nyayo zote kati ya kiota na maji zisawazishwe, maana kwa kifaranga cha kasa unyayo wa mtu ni shimo. Nyamizi akapiga magoti, akasawazisha kwa viganja, akizipapasa nyayo moja baada ya nyingine hadi ukingoni mwa maji. Aliporudi, Luhende alimweka mbele kabisa.

Mchanga ukatetemeka. Kikatokea kichwa kimoja cheusi, kisha pezi, kisha ghafla ikawa chemchemi ya vifaranga wakipandana na kuteleza. Walikuwa weusi juu ya mchanga mweupe, na walitambaa polepole. Tundu la jicho lake liliwatosha. Alimchagua mmoja, akamfuata kwa kutambaa pembeni yake, bila kumgusa, kutoka kiotani mpaka wimbi lilipomwinua na kumchukua.

"Nimemwona," alisema. Maji ya bahari yalikuwa yamemfika magotini na machozi yanamtiririka. "Nimemwona mpaka kope zake."

"Kasa ana kope?" Luhende akauliza.

"Huyu wangu anazo."

Visiwa vingine hawakuviona, na treni walibadilisha tiketi bila taabu. Macho ya shangazi yalidumu miaka kadhaa, kisha yakazimika. Mimi nilimhudumia wakati huo, na sikumsikia akililia giza lile kama nilivyoogopa. Watoto wa jirani wakija, aliwasimulia kifaranga wake: alivyosimama kupumzika, alivyoanguka chali na kujigeuza, wimbi la kwanza lilivyomrudisha nyuma na la pili likamkubali. Luhende alikuwa akisikiliza kando kama anayesikia kwa mara ya kwanza. Wazee wenzake wakimuuliza, "Huko Mafia ulizunguka visiwa vingapi?" alijibu kwa fahari, "Nilikaa kimoja."

Haya, Kalunde, rudini kwenye mpango wenu. Ukerewe ni pazuri, nendeni, na fedha yenu ndogo itawatosha. Ila chagueni pa kukaa, mpande miti na wenyeji, muwaulize ndege wao wanaitwaje. Vile vingine vitawangoja. Mpupia visiwa huambulia maji.