Jiwe Lililotoka Jikoni

Mafuta huenda maji, hurudi jiwe. Ndivyo alivyoambiwa Fikiri leo mchana, baada ya kumtania mwenzake mpaka akatoka machozi, halafu akajitetea kwamba yale ni maneno tu, yatapita. Mkacheka nyote, kisha mkaja kuniuliza: mafuta gani hayo, na jiwe gani? Mmefanya vizuri kuuliza, maana wengi huivaa methali hii kama koti la kuazima, hawajui mwenyewe ni nani. Kaeni basi. Chanzo chake ni hiki.

Mji wa Ngelewa uko juu milimani, kwenye baridi ya kukata masikio. Nyuma ya stendi ya mabasi palikuwa na safu ya majiko manane ya mama lishe, na jiko la kwanza lilikuwa la Bi Mwanaidi. Huyu alikuwa mwanamke wa Pangani, aliyeolewa huko juu na kufiwa na mume huko huko. Alikuwa akikaanga samaki na bajia za kunde, na kila alichokikaanga alikitia binzari kwa mkono usio na uchoyo, mpaka abiria wakawa wanamtambua kwa ile rangi ya manjano kabla hawajamwona sura. Wenzake hawakutumia binzari. Jiko lile ndilo lililomlisha na kumlelea wanawe wanne, wala huko milimani hakuwa na shamba, ng'ombe wala ndugu wa kumkimbilia.

Alikuwa msafi, na usafi wake aliujua, na akipata nafasi alikujulisha nawe. Kila jioni aliyamwaga mafuta yaliyochoka kwenye karo, akayafuatishia birika la maji yanayochemka. Mama yake alifanya vivyo hivyo Pangani, na bibi yake pia. Mafuta yaliteleza, karo likang'aa, naye akalala usingizi wa mtu asiyedaiwa na uchafu. Akawafundisha na jirani zake, wakamwiga. Hakuna aliyekumbuka kwamba Pangani ardhi yenyewe ina joto, na Ngelewa hata sabuni hukakamaa mkononi.

Basi majira ya kipupwe mwaka ule, bomba la majitaka likaziba. Uchafu ukafumuka kwenye chemba ya stendi, abiria wakawa wanapanda mabasi huku wameziba pua. Likazibuliwa, likaziba tena. Mara ya tatu akaja afisa afya, binti mmoja wa Kinyakyusa aitwaye Tumpe, mpole wa sauti lakini si wa msimamo. Aliwakusanya mama lishe wote, akawasomea sheria ndogo ya halmashauri: ni marufuku kumwaga mafuta ya kupikia kwenye bomba la majitaka, na kila jiko liwe na kifaa cha kunasa mafuta kabla maji hayajaingia bombani.

"Na bomba hili likifumuka tena," akamalizia, "safu nzima itahamishiwa Mapinga."

Wanawake wakaguna. Mapinga kulikuwa nyuma ya makaburi, basi halipiti, na maiti hawanunui bajia. Kuhamia huko kulikuwa kufa njaa kwa adabu.

Bi Mwanaidi akasimama, mikono kiunoni. Alihisi ametukanwa yeye binafsi. "Mwanangu, sheria yako nzuri, lakini umeipeleka nyumba siyo. Mafuta yangu mimi nayasindikiza kwa maji ya moto mpaka yanatokomea. Likionekana tone langu moja humo bombani, jiko langu lizimwe la kwanza, na nilizime mwenyewe!"

Wenzake wakampigia makofi. Tumpe aliandika kitu kwenye daftari lake, akaaga.

Hazikupita siku nane, chemba ikafumuka tena, asubuhi, stendi imejaa. Fundi wa majitaka alikuwa Mzee Ngajilo, mtu wa maneno machache, aliyezoea watu kumpita kwa mbali kwa ajili ya kazi yake. Akafuata bomba kuanzia stendi kwenda juu, akilipima kwa mwanzi wake mrefu, mpaka hatua kama thelathini kutoka kwenye majiko. Hapo mwanzi ukagota. Akachimba, akafungua bomba, akatia chuma, akavuta. Wanaume wawili walimsaidia. Kilichotoka kilikuwa jiwe, refu kama gogo, nene kama paja la mtu mzima. Lilipoanguka chini lilitoa kishindo.

Watu wakajazana kutazama. Mzee Ngajilo alilipiga sururu moja, likapasuka vipande viwili, na ndani halikuwa jiwe. Lilikuwa mafuta matupu, yaliyoganda tabaka juu ya tabaka.

"Haya ni ya supu!" mtu mmoja akapiga kelele. "Tazameni yalivyo meupe. Ni ya makongoro ya Mama Chengula!"

Mama Chengula, aliyeuza supu ya makongoro jiko la tatu, alianza kulia hapo hapo. Alikuwa mjane kama Bi Mwanaidi, ila hakuwa na ulimi wa kujitetea. Tumpe alikwishafika, na watu wakaanza kumshauri kwa sauti kubwa: afungiwe jiko huyu mmoja, wengine wabaki. Ushauri wa kumtoa mwenzio kafara haukosi wenye kuutoa.

Bi Mwanaidi alikuwa amesimama mbele kabisa, na alikuwa ameliona jambo ambalo wengine hawakulitazama. Katikati ya lile tabaka jeupe palipita tabaka la manjano. Juu yake jeupe tena, kisha manjano tena, jioni baada ya jioni, msimu mzima wa kazi yake. Alijua kwamba akinyamaza, pengine hakuna atakayeuliza. Mama Chengula angefungiwa, bomba likazibuliwa, na jiko lake yeye lingeendelea kuwaka. Mbele ya watu wote wale alikwishaapa. Aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto katika ile baridi.

Kisha akamtazama Mama Chengula akijifuta machozi kwa upindo wa kanga, na akaona kwamba aibu hii ya pili ingekuwa nzito kuliko ile ya kwanza.

"Mwacheni," akasema. "Tazameni hii manjano. Nani hapa anayetia binzari?"

Watu wakasogea, wakainama kutazama.

"Ni mimi. Nilidhani maji ya moto yanayapeleka mafuta. Kumbe yanayapeleka pale tu nisipopaona, yakipoa yanakaa. Na hawa wenzangu ni mimi niliyewafundisha." Akaokota kipande kimoja cha lile jiwe. "Mafuta yangu yalikwenda maji, yamerudi jiwe."

Mzee Ngajilo alitikisa kichwa polepole, akayarudia maneno yale kama mtu anayeonja chumvi. "Huenda maji," akasema, "hurudi jiwe."

Bi Mwanaidi hakungoja kuambiwa. Alirudi jikoni kwake, akachota maji, akaumwagia moto wake mwenyewe.

Tumpe alimfuata. Huenda alikuja na ukali, lakini mbele ya yale majivu yanayofuka ulimtoka. "Mama," akamwambia, "ukweli wako umemwokoa mwenzako leo, lakini sheria iko pale pale. Wiki mbili zijazo madiwani na mwenyekiti wa halmashauri wanakuja kukagua. Barua ya kuwahamisha imekwisha kuandikwa, imebaki sahihi. Nipeni kitu cha kuwaonyesha."

"Hivyo vifaa vya kunasia mafuta vinapatikana wapi?"

"Masanduku ya chuma huagizwa kutoka mji mkubwa. Yanachukua miezi mitatu."

Wiki mbili kwa miezi mitatu. Wanawake wale walikaa kama waliofiwa. Bi Mwanaidi, ambaye sasa hakuwa na moto wa kukaangia, alishinda nyumbani akijisema moyoni na kuchua magoti yaliyoanza kumsumbua. Uto wake wa nazi wa kuchulia ulikuwa umekwisha, na dada yake alikuwa amemtumia nazi kutoka Pangani. Akakuna, akakamua, akalilaza tui kwenye mtungi wake wa zamani, ule wenye tundu dogo karibu na kitako lililozibwa kwa kumbi la nazi. Nyinyi wa siku hizi uto mnaununua kwenye chupa, hamjui kazi hii. Tui likitulia, mafuta hupanda juu, maji hubaki chini. Hapo unachomoa kumbi, maji yanatoka taratibu kwa chini, na mafuta hubaki mtungini yakikusubiri.

Akachomoa kumbi. Maji yakatoka. Akayatazama, kisha akautazama mtungi, kisha akaziba tundu kwa kidole na kupiga ukelele mpaka jirani akaja mbio akidhani ameungua.

Jioni ile ile alikuwa mlangoni kwa Mzee Ngajilo na mtungi wake mkononi, jambo ambalo hakuna mama lishe aliyewahi kulifanya, maana nyumba ya fundi wa majitaka haikuwa na wageni.

"Mzee wangu, maji machafu yakitulia kwenye pipa, mafuta si yatapanda?"

"Yatapanda."

"Na bomba la kutolea maji likianzia chini kabisa, si yatatoka maji peke yake?"

Mzee Ngajilo aliugeuza mtungi, akalitazama lile tundu kwa muda mrefu. "Bomba lianzie chini ndani ya pipa," akasema, "lipande, litokee ubavuni karibu na mdomo. Hapo pipa halikauki, na mafuta hayapati njia." Halafu akacheka, na Bi Mwanaidi akagundua kwamba hakuwahi kumsikia akicheka. "Miaka yote hii nazibua, kumbe dawa ilikuwa kwenye mtungi wa tui!"

Wakaunda pipa la kwanza, wakaliweka kwa Mama Chengula. Siku ya kwanza likashindwa vibaya, mafuta yakapita yote. Wakachunguza, wakamkuta Mama Chengula bado anamimina birika la maji ya moto kama alivyofundishwa. Mazoea yana taabu. Bi Mwanaidi mwenyewe akatoa amri mpya: mafuta yaliyobaki karaini yakusanywe kwenye debe, sufuria ipanguswe kwanza kwa karatasi, na maji yamwagwe yakiwa yamepoa. Birika la moto, alilolipenda kama mwanawe, akalipiga marufuku kwenye karo zote nane.

Safari hii walipofunua pipa asubuhi, mafuta yalikuwa yamelala juu, yameganda kama kifuniko. Waliyabandua kwa mwiko, kipande kizima, wakampa mpika sabuni wa mtaa wa pili, naye akashukuru. Ile baridi iliyowaumbua sasa ilikuwa ikiwafanyia kazi bila kuombwa. Wanawake wakashikana mikono wakazunguka lile pipa wakicheka. Kabla ya wiki mbili kuisha, mapipa manane yalikuwa yamekaa mahali pake, na bomba lote limesafishwa na Mzee Ngajilo.

Siku ikafika. Madiwani walikuja na makoti mazito, na mwenyekiti wa halmashauri, mtu mnene mwenye haraka, akiwa na barua ndani ya bahasha. Akayatazama mapipa.

"Sheria inataka kifaa," akasema. "Mimi naona mapipa."

Tumpe akafungua karatasi zake. "Mheshimiwa, sheria inataka kifaa cha kunasa mafuta. Haikutaja chuma, wala haikutaja kinatoka wapi. Tukipime kwa kazi yake."

Mzee Ngajilo akanyanyua kifuniko cha chemba. Watu wa stendi walikwishasogea, hata makondakta waliacha kuita abiria. Bi Mwanaidi alikuwa ameshika mkono wa Mama Chengula na kuubana kwa nguvu. Mwanzi ukashuka, ukashuka, ukagusa chini. Mzee aliuzungusha mara tatu, akautoa, akaupitisha kiganjani kutoka ncha hadi katikati. Kila mara zamani ulitoka umepakaa utando kama uji. Sasa alikinyoosha kiganja mbele ya uso wa mwenyekiti.

"Maji," akasema. "Maji matupu."

Vigelegele vilivyopigwa pale vilifika sokoni. Mama Chengula, yule asiye na ulimi, ndiye aliyepiga kuliko wote. Mwenyekiti akairudisha bahasha ndani ya koti. "Safu ibaki hapa," akasema, "na mapipa ya namna hii yawekwe kwenye kila mgahawa wa mji huu. Mzee Ngajilo atawaonyesha namna ya kuyaunda." Kisha akamgeukia Bi Mwanaidi. "Na wewe mama, mbona jiko lako halina moto?"

"Nililizima mwenyewe, mheshimiwa."

"Basi liwashe. Nimekuja na njaa."

Akaliwasha, na machozi ya furaha hakuyaficha. Mzee Ngajilo alikaribishwa kwenye benchi, katikati ya madiwani, akawekewa samaki wa kwanza kutoka karaini.

Na mwenyekiti? Huyo alianza na supu ya makongoro, akainywa mpaka kijasho kikamtoka. Yalipobaki mafuta chini ya bakuli, akasimama kwa ile haraka yake, akainama kwenye karo ili ayamwage.

Safu nzima ikageuka. Wanawake wanane, fundi wa majitaka, afisa afya na makondakta wote, kwa sauti moja:

"Mheshimiwa! Mafuta huenda maji, hurudi jiwe!"

Mwenyekiti akabaki ameinama. Akalitazama bakuli, akawatazama watu, kisha akanyooka, na kwa mikono yake miwili akalipeleka kwenye debe la mafuta.