Leso ya Marjani

"Mgongo wenye mtoto haufungi mikono." Mmeisikia leo sokoni, mkacheka, na sasa mwataka kujua ilikotoka. Haya, sogeeni. Methali hii ilianza hivi.

Kule Kibera, kwa Wanubi, aliishi Bakhita na mumewe Marjani. Bakhita alipika gurusa, ile mikate myembamba kama pazia. Marjani alishona kanzu barazani kwa cherehani ya miguu. Mtoto wao, Rihani, alikuwa mlizi wa kupigiwa mfano: ukimlaza tu, mtaa mzima una habari.

Ikaja arusi kubwa. Bakhita akapewa kazi ya gurusa zote, Marjani kanzu ya bwana arusi. Na arusi ya Kinubi isiyo na gurusa ni matanga! Wakifaulu, kila arusi ingepita kwao. Wakiaibika, nani angewaita tena?

Asubuhi ya arusi Rihani akawa anaota jino. Bakhita akimshika, gurusa zinaungua; akimweka, analia hadi sauti inakauka. Mama mkwe wake, Habuba Zenabu, akasimama mlangoni.

"Mkaza mwanangu, zima moto. Mtoto kwanza. Nitawaambia wenye arusi watafute mpishi mwingine."

Bakhita akanyoosha mkono kuondoa kikaango.

"Moto usizimwe, mama," Marjani akasema kutoka barazani. "Bakhita, nipe leso yako."

"Ya nini?"

"Nimfunge mtoto."

Akambeba mgongoni, akarudi kushona. Wanaume waliokaa barazani wakaangua kicheko. Jirani yao Farajala, ambaye umbea haukumpita, akapaza sauti: "Mama Rihani! Unanyonyesha saa ngapi?"

"Nikimaliza kanzu," Marjani akajibu. "Nitaanza na wewe, maana unalia kuliko mtoto."

Cherehani ikaunguruma, mgongo ukatikisika taratibu, na Rihani akalala fofofo. Bakhita alisikia kimya ambacho hakuwa amekisikia tangu ajifungue. Akacheka peke yake, akamimina unga.

Jioni bwana arusi alitoka kanzu imemkaa kama kazaliwa nayo. Gurusa ziliingia chini ya vifuniko vya ukili vya rangi, zikaisha kabla ya wali. Kila mtu: nani kapika? Nani kashona? Habuba Zenabu akapiga kigelegele.

"Wanangu hao! Mlimcheka, lakini mgongo wenye mtoto haufungi mikono!"

Hazikupita siku nyingi, Farajala akabisha hodi, mwanawe akimlilia kwapani.

"Shemeji Bakhita," akanong'ona, akitazama nyuma asije akaonekana, "hiyo leso hufungwaje?"

Basi mkimwona baba kabeba mwana na kazi inakwenda, mjue anachojua Farajala: mgongo wenye mtoto haufungi mikono.