Kwa Nini Ugomvi Una Majina Mengi

Hapo kale, milima hii ilipokuwa na watu wachache na mifereji mingi, neno la kutoelewana lilikuwa moja tu: vita. Mume na mke wakitofautiana juu ya chumvi ya mboga, ni vita. Majirani wakibishania mpaka, ni vita. Na neno hilo likishatamkwa, baragumu lilipulizwa, wanaume wakashuka na mikuki bila kuuliza wanapigania nini.

Aliyelitunza baragumu alikuwa mwanamke, Naghenjwa, aliyelirithi kwa baba yake. Mwaka mmoja kabla ya haya aliitwa apulize kwa sababu ya kengele ya mbuzi iliyopotea. Akapuliza. Jioni mumewe aliletwa nyumbani amebebwa, hapumui. Kesho yake kengele ikaonekana majanini. Tangu mazishi yale Naghenjwa alilipangusa baragumu kila asubuhi, akiomba asiitwe tena.

Lakini aliitwa. Mdogo wake Mbazi alikuja mbio, tope limemfika magotini.

"Dada, puliza! Kajiru amefungulia maji shambani kwake, na zamu ni yangu. Ni vita!"

Kajiru, kitinda mimba wao, alikuwa nyuma yake akihema. "Puliza tu, dada. Huyu awatishe kuku wake, mimi hanitishi. Vita!"

Naghenjwa aliinua baragumu, akalishusha. Alijua kwamba akipuliza, kabla jua halijatua atamzika ndugu mmoja na kumpoteza wa pili. Alijua pia kwamba desturi haimruhusu kukataa neno lile likishatamkwa.

"Haya," alisema. "Nitapuliza. Kwanza nipelekeni nikavione hivyo vita."

Wakaenda hadi mferejini. Pale palikuwa na kizibo cha shina la mgomba kilichosukumwa kando, na maji yakiingia polepole katika maharage ya Kajiru.

"Damu iko wapi?"

"Hakuna, dada."

"Mmepigana?"

"Bado."

"Mmetukanana?"

Mbazi akatazama miguu yake. "Kidogo. Kaniita kichwa cha boga."

"Naye kasema napanda maharage kama ninayatupia mbwa," Kajiru alijibu haraka.

Naghenjwa aliufuata mfereji kwa macho, kutoka juu kwenye bwawa hadi chini bondeni. Babu zao hawakuyaacha maji yashuke moja kwa moja. Waliweka kizibo hapa, kizibo pale, maji yakafika shambani yamechoka, yametulia, yananywesha bila kung'oa.

"Mbazi," alisema, "ondoa vizibo vyote, tangu bwawani."

"Dada! Maji yatabeba shamba zima!"

"Na mimi nikipuliza?"



Ndipo Naghenjwa akaanza kutega vizibo vya maneno. Mkipingana kwa hoja, alisema, huo ni ubishi. Mkitukanana, huo ni ugomvi. Mkiwavuta na wengine wasimame pande zenu, huo ni mzozo. Vita viko bondeni kabisa, na hafiki huko mtu asiyepita kwanza hapa juu.

"Nami sitapuliza," alimaliza, "mpaka nyote wawili mniletee jina moja. Sasa, hiki chenu ni nini?"

"Mzozo," alisema Mbazi.

"Mzozo wa nani na nani? Uko peke yako na boga lako," alisema Kajiru. "Ni ugomvi."

Mbazi alitaka kukasirika, kicheko kikamponyoka. "Haya, ni ugomvi. Na zamu bado ni yangu."

Kajiru akainama, akakirudisha kizibo mahali pake, akakikandika tope kwa viganja vyote viwili.

Na tangu siku hiyo, ugomvi una majina mengi, na huku milimani anayekuja kushtaki huulizwa kwanza, "Mmefikia lipi?" Naye hurudi kwa mwenzake wakalitafute jina pamoja. Kazi hiyo huwachukua muda. Wakilipata, hugundua kwamba tayari wamekubaliana jambo moja, na wengi huishia hapo hapo, wakaenda zao shambani. Baragumu la Naghenjwa lingali linaning'inia ukutani. Nyigu wamejenga ndani yake, na hakuna aliyewahi kupata sababu ya kuwafukuza.