Shuka Lisilo na Mlango

Paukwa!

Pakawa!

Sogeeni. Wewe unayecheka, utaacha sasa hivi.

Hapo kale palikuwa na mama mmoja, fundi wa mashuka ya viraka, na binti yake Mize. Viraka vyake vilizunguka kama nyumba ya konokono: chekundu, cheupe, cheusi. Ukijifunika tu, usingizi huo! Lakini pembeni aliacha nafasi ya kiraka kimoja, wazi.

"Huo ni mlango," alimwambia Mize. "Aliyelala hutokea hapo asubuhi. Usiuzibe kamwe, hata ukimshonea adui."

Siku moja likaja Zimwi. Likammeza mama, likabeba shuka lake, likaenda zake. Mize alikuwa amejificha darini, akaona kila kitu.

"Zimwi," akasema, "utanilipa."

Basi, miaka ikapita. Shuka likachakaa, viraka vikapukutika, usingizi ukalikimbia Zimwi. Na Zimwi lisilolala lina njaa mara mbili. Likaita mafundi. Wa kwanza akashona, usingizi haukuja, akamezwa. Wa pili akashona, usingizi haukuja, akamezwa. Wa tatu alikwenda mwenyewe, hakuitwa. Ndiye Mize.

"Mshono huu unauweza?" likanguruma Zimwi. "Ukikosea nakumeza!"

"Nionyeshe hilo kuukuu, bwana mkubwa."

Lilikuwa tambara tupu, rangi zote zimekufa. Mize akalitandaza juani, akapapasa matundu ya sindano moja moja. Hapa mama alianzia. Hapa alikata kona. Akafumua pindo, na mle ndani, jua lisikofika, akakuta nyuzi za viraka: nyekundu, nyeupe, nyeusi. Akautambua mkono wa mama yake. Machozi yakamlenga, akayazuia. Iliyobaki ilikuwa hasira.

"Na hilo tundu la panya hapo pembeni," likasema Zimwi, "ulizibe!"

Mize akakumbuka maneno ya mama. Akakumbuka pia mguu wa mama ukipotelea kinywani mwa Zimwi.

"Nitaliziba, bwana mkubwa."

Akashona siku tatu. Chekundu, cheupe, cheusi. Chekundu, cheupe, cheusi. Kiraka cha mwisho akakitia mlangoni, akakipiga mshono mara tatu.

Zimwi likajifunika. Halikumaliza hata kupiga mwayo, likakoroma.

Kulipokucha likataka kuamka. Macho hayakufunguka. Miguu haikuinuka. Likaita humo humo usingizini:

"Fundi! Nitokee wapi?"

"Muulize mama yangu. Mshono ni wake."

"Mama yako nani?"

"Yule uliyemmeza, ukachukua shuka lake."

"Lakini huyo yuko tumboni mwangu!"

"Basi hayuko mbali. Muulize."

Siku ya kwanza likaita, "Fundi, nitokee wapi?" Mize akajibu, "Muulize mama." Siku ya pili likaita, "Fundi, nitokee wapi?" Mize akajibu, "Muulize mama." Siku ya tatu sauti ikakatika. Mize alikuwa papo hapo siku zote tatu, anakula muhogo wa kuchoma, anasikiliza. Hakukosa hata neno moja.

Mnalionea huruma? Mimi simo.

Hadithi yangu imeishia hapo, na Zimwi limelala papo hapo. Nanyi shikeni hili: ukimuua fundi, usijifunike kazi ya mwanawe.